Kwa nini hatukumwona Rambo akilia?

Mwana_Chumbageni
Wakuu, habari za jioni. Wenye watoto wa kiume naomba mnisaidie.

Juzi nimeiangalia tena filamu ya Rambo ya kwanza, ile ya 1982, nikiwa na mwanangu wa darasa la sita. Sisi kwenye kibanda umiza, yale mabanda ya video ya mtaani, tuliijua kwa kisu, kwa ile bunduki kubwa, na pale stelingi anapojishona mkono mwenyewe bila ganzi. Tukitoka nje tunashindana nani atachomwa mwiba asikunje uso.

Kumbe mwishoni Rambo anakaa chini, anamweleza Kanali Trautman, mkubwa wake wa zamani jeshini, jinsi rafiki yake alivyolipuliwa Vietnam. Maneno yanamkatikia mdomoni, analia, kanali anamkumbatia. Kwetu mwenye banda akifika hapo alikuwa anautoa mkanda anaweka mwingine, maana mapigano yameisha. Hakuna aliyelalamika. Hata mwanzo hatukuujali, na picha yote inaanza na msiba: anamtafuta mwenzake wa jeshini, anaambiwa kansa imeshamuua.

Mwanangu akauliza, "Baba, stelingi naye analia?" Nikamwambia amepoteza wenzake, na tangu arudi vitani hakuna aliyemuuliza lolote. Akasema shuleni wakisikia hivyo watamcheka. Hilo limeniuma sana. Nimwonyeshe picha gani nyingine, ambayo mwanaume anapigana kweli na bado ana moyo?

Fundi_Mikanda
Mkuu, wenye mabanda usiwabebeshe lawama peke yao. Waliotengeneza ndio walioanza kumfuta huyo mtu. Kwenye ya kwanza anayekufa mbele ya macho yetu ni mmoja tu, anaanguka kutoka kwenye helikopta. Njoo ya pili, 1985: kifua wazi, mishale inayolipuka, maiti hazihesabiki. Na hiyo ndiyo iliyoingiza pesa nyingi zaidi. Kwenye kitabu ilikotoka hadithi yenyewe Rambo anakufa kabisa. Hata filamu ilipigwa na mwisho wa namna hiyo, watu walioonyeshwa kwa majaribio wakaukataa. Watazamaji ndio sisi, tunachokilipia ndicho tunacholetewa.

Bint_Makadara
Kwetu Mombasa zilitawala za Kihindi. Mtafutie Deewaar ya 1975. Amitabh Bachchan ni kuli wa bandarini, anajifungia ghalani na genge zima na kulipiga peke yake. Mwisho anafia hekaluni mikononi mwa mamake, na aliyempiga risasi ni ndugu yake wa damu, polisi.

Marehemu babangu alikuwa kuli Kilindini. Picha ile ilimliza waziwazi, yeye na wenziwe, leso mkononi, na hakuna aliyewacheka. Lakini dadangu alipofariki, wanaume hao hao walimzunguka baba wakimwambia ajikaze. Akajikaza kweli, na baada ya hapo jina la dadangu halikutajwa nyumbani mpaka yeye mwenyewe akafa. Mimi sizilaumu filamu. Mle gizani ndimo pekee alimopata ruhusa ya kulia.

Kocha_wa_Mtaa
Naheshimu mliyosema, ila kuvumilia maumivu nako ni kitu cha kufundishwa. Mimi nilianza mazoezi kwa sababu ya Bruce Lee, na vijana ninaowafundisha sasa wameacha vijiwe vibaya kwa njia hiyo hiyo. Wanahitaji kumwona mtu anayeanguka na kuinuka. Akilia katikati, sawa, mradi kesho yake aje mazoezini.

Mwana_Chumbageni
Kocha, hapo kwenye "kesho yake aje" tuko pamoja. Ninachokipinga ni mtoto kuonyeshwa kuinuka tu, kuanguka kukakatwa.

Bint Makadara, pole sana kwa dada na kwa mzee. Deewaar naitafuta, Jumamosi nitakaa nayo na kijana na mama yake. Kuna anayejua inapopatikana iliyotafsiriwa kwa Kiswahili? Maandishi ya chini yanapita haraka, kijana hayawahi.