Tupeane uzoefu: mshahara wa mke, kipato cha mume na hela ya ndani ya nyumba

MwalimuMoro

Habari za jioni wapendwa. Wenye ndoa, mnaoishi pamoja na hata mlioachana, naomba tupeane uzoefu wa hela ndani ya nyumba. Naanza na ya kwangu na nitaweka tarakimu zote, kwa sababu bila tarakimu tutaishia kulaumiana wanaume na wanawake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, anatengeneza mageti na madirisha. Mshahara wangu wa msingi ni 980,000. Anaijua hiyo namba kwa sababu nilimwonyesha barua siku nilipopandishwa daraja. Tulifurahi wote, akaninunulia kitenge. Tangu siku hiyo, kichwani mwake mimi ni mtu wa laki tisa na themanini. Kodi ya nyumba ikifika, "Mama Neema, wewe si una mshahara?" Ada ikifika, hivyo hivyo.

Sasa slipu yangu inasema hivi. Pensheni asilimia 5, yaani 49,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 29,400. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, yaani 19,600. Kodi ya mapato 110,750. Bodi ya Mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani 147,000, na hii ndiyo huwa inaniuma kuliko zote kwa sababu ni deni la chuo nililoingia hata kabla sijamjua mume wangu. Hapo inabaki 624,250. Halafu kuna marejesho ya mkopo wa benki, 210,000. Ninachokishika ni 414,250.

Huo mkopo wa benki nilichukua kuezeka nyumba ya mama yangu, na mume wangu sikumwambia. Niliogopa atasema na kwao pia paa linavuja, kitu ambacho ni kweli. Hilo ni kosa langu na nimeshamwomba msamaha.

Upande wa pili, mimi nilikuwa namwona anavyolipwa. Mteja anakuja mpaka nyumbani, anahesabu 600,000 taslimu, advansi ya geti. Mimi niko dirishani. Jioni naambiwa hela ya gesi hakuna. Moyoni nasema huyu ana mwanamke. Kumbe kwenye ile laki sita, vyuma peke yake ni 430,000. Bado rangi, bado diski za kukatia, bado umeme, bado guta la kupeleka, bado kijana anayemsaidia. Kwake inabaki sabini au themanini kwa kazi ya siku tano, na wiki inayofuata pengine hakuna geti kabisa.

Kwa hiyo miaka mitatu kila mmoja wetu alikuwa anamhesabia mwenzake jumla, huku yeye mwenyewe anajihesabia baki. Tuligombana kwa hela ambazo hazikuwepo.

Siku mambo yalipofunuka, nilikuwa nimechapisha slipu ili nikaombe mkopo mwingine wa ada. Akaikuta kabatini, akaisoma akiwa amesimama. Hakupiga kelele. Siku mbili hakuongea nami zaidi ya salamu. Ya tatu akaja na daftari lake la oda, akaliweka juu ya kitanda, akasema, "Na wewe soma la kwangu."

Karibuni. Kwenu hela inaendaje?

Boda_Buzuruga

Mwalimu umenigusa. Mimi naendesha pikipiki Mwanza, ya mkataba, nikimaliza kuilipa inakuwa yangu. Kila siku tajiri anataka hesabu yake 10,000, iwe mvua iwe jua. Siku nzuri nashika 25,000. Toa mafuta 8,000, toa hesabu, inabaki 7,000. Nyumbani naacha 5,000 ya kula, inayobaki ni chai yangu na akiba ya pancha. Mke wangu ana genge dogo, nyanya, vitunguu na dagaa.

Mwaka jana walikuja watu wa mkopo wa kausha damu, ile ya riba kubwa, wakabeba televisheni. Mimi nilikuwa kijiweni, napigiwa simu na jirani. Nilirudi nikafoka sana, nikamwambia hana adabu, anakopa bila mwenye nyumba kujua. Tukanyamaza, maisha yakaendelea. Lakini mpaka leo sijawahi kumuuliza zile hela alikopa za nini. Wala yeye hajui hesabu ya tajiri ni shilingi ngapi. Anaona narudi na noti tu.

Mkubwa_Temeke

Mimi nitasema tofauti, mnisamehe. Mshahara wangu siutaji. Ndoa yangu ya kwanza nilitaja kila kitu hadi posho za safari. Haukupita mwezi, shemeji yangu akaja na ombi la mtaji, na alijua mpaka tarehe ambayo posho inaingia. Nilipokataa nikawa mchoyo ukoo mzima. Sasa hivi nalipa kodi, nalipa ada, naacha hela ya matumizi 300,000 kila tarehe mosi, na hakuna aliyelala njaa. Mwanaume akitimiza wajibu, namba za nini?

MwalimuMoro

Kaka Mkubwa, nakuelewa, hilo la shemeji limewaumiza wengi. Nikuulize kitu kimoja tu, na nauliza kwa heri. Ukiugua ghafla ukalazwa, mkeo anajua una deni wapi na unadai wapi? Mume wangu alivunjika mkono mwaka jana. Wateja wawili walikuwa wameshatoa advansi na mimi sikujua hata majina yao. Walikuja mlangoni wanadai hela yao, nikawaona matapeli.

Mkubwa_Temeke

Hajui. Hilo umenishika.

BintiWete

Assalaam alaykum. Kwetu Pemba jambo hili lina msingi wake. Mume ndiye anayelisha, anayevisha na kuweka mke ndani. Pesa ya mke ni ya mke, akitoa ametoa kwa hiari yake. Mimi nasomesha skuli ya maandalizi na mshahara wangu ni mdogo, lakini mume wangu hajawahi kuniuliza uko wapi.

Ila msiseme basi hakuna tabu. Tabu inakuja pale mke anapotoa, kisha hakuna anayejua ametoa kwa jina gani. Tulipokuwa tunajenga, mabati yalikwama. Nikatoa bangili zangu nne za dhahabu, nyengine za mahari, nyengine zawadi ya mama. Mama yangu, Mungu amrehemu, akanambia, "Mwanangu, kabla hujauza muulize mumeo, hii ni hiba au ni karadha, zawadi au mkopo?" Mimi niliona haya. Nitamuulizaje mume wangu suala kama la dukani? Mama akanambia Qur'ani yenyewe imeamrisha deni liandikwe, katika Suratul Baqara, na wala haikusema isipokuwa baina ya mke na mume.

Nikamuuliza. Akakaa kitako, akafikiri, akasema ni karadha. Tukaandika, shahidi kaka yake na mjomba wangu. Ameshanirudishia mbili. Alipopata maradhi ya figo nikamsamehe zile mbili zilobaki, na kusamehe kwangu kulikuwa kwa moyo mweupe kwa sababu nilijua ninachosamehe. Jirani yangu alitoa dhahabu kama mimi bila ya maneno, na alipoachwa alitoka na begi la nguo.

Kaka_wa_Likoni

Ndugu zangu, mie niko Mombasa. Nilikuwa mpishi wa hoteli kule Diani mpaka 2020, korona ikaja, hoteli ikafunga, tukaambiwa twende nyumbani. Mke wangu ni muuguzi wa kaunti. Kwa miezi kumi na minne mshahara wake ndio uliokuwa nyumba nzima.

Watu huuliza mwanamume akilishwa na mkewe hujisikiaje. Nitawaambia ukweli. Kupika na kuosha watoto hakukuniuma, upishi ndio kazi yangu. Kilichoniuma ni dukani. Twaenda pamoja, twafika kwa kulipa, mwenye duka anitazama mimi, nami nageuza uso. Mke wangu aliliona hilo bila mie kusema. Kuanzia wiki ya pili, kabla hatujatoka nyumbani, simu yangu yalia. Ni M-Pesa kutoka kwake, kiasi cha ununuzi wa siku ile. Hakusema neno, wala mie sikusema. Tukifika dukani nalipa mimi. Hata mamangu hakujua.

Sasa nina kazi, lakini bado yeye anazidi. Nakubaliana na Mwalimu juu ya makato. Kwetu Kenya kuna asilimia 1.5 ya tozo ya nyumba za bei nafuu na 2.75 ya bima ya afya, yote yanakatwa kwenye mshahara mzima, bado NSSF ya pensheni, bado kodi, bado Sacco. Hela ya muuguzi ikitajwa barazani inasikika nyingi. Ikifika nyumbani imeshachoka.

Tanga_Muscat

Nami nawasalimu kutoka Oman. Niko kazi ya ndani tangu 2019, nalipwa riali 90. Nyumbani wakizigeuza kwa shilingi wananiona tajiri. Hawaoni kwamba naamka saa kumi alfajiri.

Nilimpangia mume wangu 200,000 kila mwezi, chakula na watoto wetu watatu. Hizo nyingine nilitaka zijenge. Niliporudi likizo 2023 nikakuta anadaiwa duka la mangi 640,000, na ya mwalimu wa tuisheni juu. Nililia, nikamwambia amekula hela yangu na wanawake wa mjini. Alinijibu kitu kimoja: "Twende sokoni kesho, uongoze wewe." Tukaenda. Mafuta ya kula, unga, sabuni, nauli za watoto. Nilimaliza elfu themanini na kikapu hakijajaa. Nilikuwa nahesabu kwa bei za mwaka nilioondoka, na watoto kichwani mwangu walikuwa bado wadogo wa kula kijiko kimoja kimoja.

Deni tukalilipa wote. Sasa natuma 320,000, na ujenzi umesimama kwenye lenta.

Msaidizi_Dom

Nafanya kazi ya usaidizi wa kisheria Dodoma, na malalamiko ya aina hii napokea kila wiki. Niwape machache kwa walio Bara, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki Zanzibar.

Kifungu cha 63 kinasema mume ana wajibu wa kumtunza mke, makazi, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Hilo wote wanalijua. Wasilolijua ni nusu ya pili ya kifungu hicho hicho: mume akishindwa kujitafutia riziki kwa ugonjwa au majeraha, mke mwenye uwezo naye ana wajibu wa kumtunza. Mwalimu, mume wako alipovunjika mkono sheria ilikuwa imeshawafikiria.

Kifungu cha 60 ni cha majina. Mali iliyonunuliwa wakati wa ndoa kwa jina la mmoja inachukuliwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa kwa majina ya wote wawili, inachukuliwa hisa zao ni sawa. Na nyumba mnayoishi haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, hicho ni kifungu cha 59.

Kwa mama wa nyumbani anayeambiwa "wewe umechangia nini", ipo kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Akina mama wengi wanaokuja kwangu hawajawahi kuisikia. Hata hivyo nawasihi mtunze risiti na miamala ya simu. Mchango upo, lakini mahakamani lazima uonekane.

Boda_Buzuruga

Mwalimu, hujamalizia. Baada ya daftari la oda, mlifanyaje?

MwalimuMoro

Kwanza tulijaribu nusu kwa nusu, ikatushinda mwezi wa kwanza tu. Hela yake haina tarehe, na mwenye nyumba ana tarehe. Ndipo tukagawa kwa namna hela inavyoingia. Mshahara wangu una siku yake, kwa hiyo unabeba vitu vyenye siku: kodi, ada na mchango wa kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa. Hela yake inabeba vya kila siku, mboga, LUKU ya umeme na nauli. Geti likilipwa lote, kabla hajanunua chochote cha karakana, tunaingiza ndani mchele gunia, gesi na dumu la mafuta. Wiki ikiwa kavu tunakula bila kukopa.

Advansi ya mteja haikai nyumbani tena. Inaingia kwenye laini nyingine ya simu, na wote tunaijua namba ya siri. Imetusaidia sana, maana hata yeye alikuwa akiila bila kujua, halafu anakimbizana na vyuma.

Mkopo wa paa la mama yangu unaisha mwakani mwezi wa nne. Tumekubaliana 210,000 hiyo, miezi sita ya kwanza, iende kwenye paa la mama yake. Nilikataa usiku wa kwanza. Asubuhi nikakubali.

Boda_Buzuruga

Wapendwa, narudi. Jana nilifika nyumbani saa tatu, nikamtajia mke wangu kila kitu, hesabu ya tajiri, mafuta na miezi iliyobaki kwenye mkataba, mitano. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia elfu tano haikuwa inatosha tangu mtoto wa pili alipoanza shule, na genge likawa linakula mtaji wake lenyewe. Ndiyo ule mkopo. Alikuwa anaongezea hela yangu ya kula, akaona aibu kuniambia haitoshi.

Halafu akainuka, akaleta daftari la kikoba. Anadaiwa 180,000. Marejesho ni kila Jumamosi, na hii inayokuja nitaenda naye.