SHELXL: CIF inasema fuwele ilipimwa kwa kelvini 373, na R1 imepanda ghafla. Naombeni msaada

FuweleZaShaba (Dar es Salaam)

Wakuu, habari za majukumu. Nasoma shahada ya uzamili ya kemia. Kiwanja changu ni cha shaba, na ndani ya fuwele imebaki molekuli ya kiyeyushi, DMSO. Chuoni kwetu hatuna difraktomita (mashine ya kupima fuwele kwa eksirei), kwa hiyo fuwele zilisafirishwa hadi maabara ya washirika wetu Afrika Kusini. Walipima kwa kelvini 100, wakanirudishia .ins (maelekezo ya programu), .hkl (vipimo vya miakisiko, yaani miale iliyorudishwa na fuwele) na .cif (ripoti ya muundo) ya awali yenye R1 ya 0.047; R1 ni tofauti kati ya muundo na vipimo, ikiwa ndogo ndiyo bora. Kazi ya kumalizia muundo kwa programu ya SHELXL nimeachiwa mimi, na nataka niifanye kwa mikono yangu.

Sasa nimekwama. Niliona kwenye .ins hakuna mstari wa TEMP, yaani halijoto, nikaandika TEMP 100. CIF iliyotoka inasema 373! Halafu nilipofungua .hkl nikakuta mistari iliyogandana namna hii:

`   0   0   2123456.8 1234.50`

Nikadhani faili imeharibika njiani. Nikatenganisha kwa kuongeza nafasi moja kwenye kila mstari wa aina hiyo, nikahifadhi. Tangu hapo R1 ni 0.083 na haishuki. Nakala ya mwanzo sina, na maabara kule wamefunga kwa likizo.

Jingine: nikibadilisha jina la atomu kwenye .res (faili ya matokeo) kisha nikaendesha programu, badiliko linapotea. Na msimamizi wangu ameshauri niiondoe DMSO kwa SQUEEZE, inayotoa mchango wa kiyeyushi kwenye hesabu, ili tahadhari za checkCIF (ukaguzi wa CIF) zipungue. Natakiwa kuwasilisha wiki ijayo. Nianzie wapi?

Mwana_wa_Maabara

Dada, hilo la .res ndilo jepesi. SHELXL haisomi .res, inasoma .ins na .hkl. Ikimaliza inaandika .res mpya juu ya ile uliyoihariri, ndiyo maana kazi yako inafutika. Kila mara nakili .res iwe .ins kwanza, hariri hiyo .ins, ndipo uendeshe. Na ukishuka hadi chini kabisa ya .res utakuta mstari wa WGHT (uzito unaopewa miakisiko) unaopendekezwa. Ukiendesha kwa amri hauhamii juu wenyewe, uhamishe wewe, rudia mpaka namba zitulie.

MwalimuEksirei (Nairobi)

Binti, pole na kazi. Nianze na TEMP, maana nimeiona kwenye tasnifu zaidi ya moja, na mtahini akiiona anaanza kutilia shaka hata yale uliyoyafanya vizuri.

TEMP ni nyuzi za selsiasi, si kelvini. Ulipoandika 100, programu ikaelewa joto la maji yanayochemka, ikajumlisha 273. Andika TEMP -173, na mstari huo ukae juu ya atomu zote. Usipouandika kabisa inachukua 20, na CIF inatoka na 293. PLATON, programu ya ukaguzi, ikiona 293 huwa inauliza kama kweli ulipima kwa joto la chumba au ulisahau tu.

Wengi wanaona ni namba ya mapambo, wanairekebisha ndani ya CIF kwa mkono. Usifanye hivyo. TEMP ndiyo inayoamua urefu wa vifungo vya hidrojeni zinazowekwa kwa AFIX, amri ya kuziweka kwa hesabu. Hidrojeni ya pete ya benzini inawekwa angstromu 0.95 kwenye baridi kama yako, na 0.93 kwenye joto la chumba. Ukibadilisha CIF peke yake, halijoto itasema baridi na hidrojeni zitasema joto.

Sasa .hkl. Faili yako haikuwa imeharibika. SHELXL haitenganishi namba kwa kutazama nafasi tupu, inahesabu herufi: nne za h, nne za k, nne za l, kisha nane za ukali wa mwakisiko na nane za sigma yake, yaani kosa la kipimo. Mwakisiko wako ulikuwa mkali mno, 123456.8, umejaza herufi zote nane na kugusana na l. Jicho linaona 2123456.8, programu inaona 2 halafu 123456.8.

Ulipoongeza nafasi, kila kitu kilisogea hatua moja kulia. Ile 8 ya mwisho ikaangukia kwenye safu ya sigma, mbele ya 1234.5. Kwa hiyo mwakisiko uliokuwa na uhakika mkubwa kuliko yote sasa una kosa la makumi ya maelfu, na programu inauona hauna thamani. Umeipokonya miakisiko yake mikali, ambayo ndiyo nguzo ya muundo wote.

Usiwasubiri wa Afrika Kusini. Fungua ile .cif ya awali kwa kihariri cha maandishi, utafute `_shelx_hkl_file`. SHELXL za kuanzia 2013 na 2014 hubandika .hkl nzima ndani ya CIF, pamoja na .res na namba ya ukaguzi. Chukua programu ndogo ya Sheldrick, mtunzi wa SHELXL, iitwayo SHREDCIF, itakutolea faili zote mbili kama zilivyokuwa.

Kando_ya_Lualaba

Niongeze kidogo. Kompyuta zetu huku Kongo nyingi zimewekwa Kifaransa, desimali yake ni mkato. Nilipitisha .hkl kwenye programu ya majedwali, ikarudi na 1234,5 kila mahali, siku mbili zikapotea. Faili hii isiguse jedwali hata kidogo. Na kama Windows inaficha viambishi vya majina, hakikisha hukuhifadhi `shaba.hkl.txt`, maana SHELXL itasema faili haipo huku wewe unaiona.

MwalimuEksirei

Kweli kabisa, ndugu.

Kuhusu SQUEEZE, binti, zungumza na msimamizi wako kwa heshima, lakini mwombe muijaribu DMSO kwanza. Chombo hicho ni kizuri pale kiyeyushi kimevurugika hadi hakielezeki kwa atomu. DMSO mara nyingi inaelezeka: salfa imekaa upande huu na upande ule. Kwa amri za .ins, igawe kwa PART 1 na PART 2, uwiano wake uuachie FVAR, vifungo uvifananishe kwa SADI, mitetemo ya atomu uishike kwa RIGU. Mkishindwa, tumieni SQUEEZE ya sasa inayoandika mchango wa kiyeyushi kwenye faili ya pembeni, .fab, na amri ya kuisoma, ABIN, kwenye .ins, ili .hkl ibaki vile vile ilivyopimwa. Na mueleze wazi kwenye CIF ni nini kimeondolewa.

FuweleZaShaba

Shikamoo Mwalimu. Nimeikuta! `_shelx_hkl_file` ilikuwemo. SHREDCIF imetoa .hkl, na mistari iliyogandana imo vile vile, sijaigusa. Nimeweka TEMP -173, nimehamisha WGHT, R1 imerudi 0.047.

DMSO nimeigawa usiku huu: 0.71 upande mmoja, 0.29 upande wa pili. R1 sasa 0.041, na ile tahadhari ya checkCIF ya ngazi A, iliyo nzito kuliko zote, imeondoka bila SQUEEZE. Kesho saa nne nampelekea msimamizi picha ya pande zote mbili.

MwalimuEksirei

Marahaba, mwanangu. Mpelekee na .lst pia, ile kumbukumbu ya hesabu za programu. Na hiyo .hkl, kabla hujalala, weka nakala zake sehemu tatu tofauti.