Mrejesho: bati lililovuja Ndosho

Mwezi wa sita niliuliza nifanye nini na bati la nyumba yangu ya mbao hapa Ndosho, mtaa wa Goma, lililokuwa linavuja sehemu tatu, kabla mvua hazijarudi. Asanteni wote, na samahani kwa kuchelewa.

Papa aliyesema nisikimbilie rangi alisema kweli. Nilipanda asubuhi, bati likiwa bado baridi, nikakuta maji yanapitia kwenye matundu ya misumari: mipira ya chini ya vichwa imekauka na kupasuka. Niling'oa misumari 46, nikapiga mipya minene zaidi yenye mpira. Kisha brashi ya waya kwenye kutu, na rangi ya kuzuia kutu mara mbili. Mvua kubwa za mwezi wa tisa hazikuleta hata tone chumbani.

Kona ya jikoni ndiyo imenishinda. Niliziba kwa lami, ikashika wiki tatu tu. Pale bati limeliwa kabisa. Moshi wa volkano ya Nyiragongo una salfa, mvua inashuka na asidi, kiraka hakina pa kushika. Nitabadilisha bati mbili nzima. Mama aliyenionya tangu mwanzo, nisamehe, nilikuwa nabania dola.

Mfereji nao nimeusafisha, ukatoa ndoo nzima ya mchanga mweusi. Maji ya mvua ya kwanza niliyamwaga kama mlivyoniambia, hayakuingia kwenye tanki. Yalikuwa na rangi ya chai ya rangi!