Magari ya zamani na magari ya sasa katika barabara za Kigoma na Tabora: tupeane uzoefu

Mkazi wa Ujiji
Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Leo nilikuwa gereji hapa Mwanga nikisubiri kubadilishiwa bushi, na kando yangu fundi alikuwa akinyoosha mlango wa gari dogo la miaka ya karibuni. Aliusukuma kwa kiganja kutoka upande wa ndani, bati likarudi mahali pake. Hatua chache kutoka hapo limesimama Land Rover 109 ambalo limeyaona mengi na bado linaitwa kazini kila wiki. Nikajiuliza kama kweli magari yameacha kutengenezwa kwa uimara, au kama ni sisi tunaopima uimara kwa kugonga bati na kusikiliza mlio wake. Naomba kila aliyeendesha magari ya aina zote mbili katika barabara zetu, hasa wale waliozijua kabla ya lami, atueleze aliyoyaona mwenyewe.

Dereva Mstaafu, Kasulu
Nilikabidhiwa Land Rover 109 nikiwa kijana, nikawa naendesha kati ya Kasulu, Kibondo na vijiji vya Manyovu, wakati ambapo mvua zikianza mwezi wa kumi na moja ulikuwa hupandi mlima bila kufunga minyororo kwenye matairi. Jambo ambalo vijana wengi hawalijui ni kwamba bodi la gari lile halikuwa la chuma. Land Rover lilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa bado kinatolewa kwa mgawo kutokana na vita, ndiyo maana walitumia aloi ya aluminiamu, na kwa sababu hiyo bodi lilisalimika na kutu hata pale ambapo chasisi ya chuma ilikuwa imeanza kuliwa. Nguvu yake haikutoka katika unene wa bati. Ilitoka katika chasisi, katika springi zake za vyuma bapa, na katika jambo moja kubwa kuliko yote: kila kilichofungwa katika gari lile kiliweza kufunguliwa na mtu mwenye spana chache, akiwa amelala chini ya gari, porini, bila kumpigia mtu simu.

Tulivunjikiwa springi tukiwa mbali na kijiji chochote, tukakata kipande cha mninga, tukakibana kwenye springi kwa mipira ya tairi, tukaendelea na safari hadi mjini na mzigo wetu wote. Nionyesheni gari la leo ambalo litakubali kutengenezwa kwa mti likafika.

Mama Kaliua
Mzee amesema kweli tupu. Baba yangu alifunga springi kwa namna hiyo hiyo, na mti ulikuwa huo huo wa mninga.

Fundi wa Gungu
Shikamoo mzee wangu wa Kasulu. Nakuheshimu, lakini mimi ninayeyafungua magari haya kila siku naomba kutofautiana nawe. Tunayakumbuka ya zamani kwa sababu tunayaona yale yaliyobaki. Yale yaliyokufa yalikatwa zamani, mengine yakawa majembe na majiko, na hakuna anayeyahesabu. Aidha, tunasahau kazi iliyokuwa inafanyika ili gari lile liendelee kutembea: kupiga grisi kila mara, kusafisha kabureta, kurekebisha pointi, kubana valvu, na kuchonga silinda upya kwa umri ambao injini ya sasa iliyotunzwa vizuri haijaanza hata kunywa oili. Injini za siku hizi zinatengenezwa kwa vipimo vya karibu sana na mabati mengi yanapakwa zinki dhidi ya kutu. Tofauti kubwa ni kwamba gari la zamani lilikuwa linaharibika mara nyingi kwa vitu vidogo ambavyo dereva alivimudu, na la sasa huharibika mara chache kwa kitu ambacho dereva hawezi kukigusa.

Mvuvi wa Kibirizi
Fundi, unabishana na jambo lililo mbele ya macho yako. Sisi wa Kigoma tuna ushahidi mkubwa kuliko gari lolote. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha hadi hapa, ikaunganishwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Ilizamishwa mwaka 1916, ikakaa chini ya maji, ikainuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Chombo gani cha leo kitazama miaka yote hiyo kisha kibebe abiria?

Fundi wa Gungu
Kaka, naipenda Liemba kama wewe, na ndiyo maana nataka tuieleze kikamilifu. Wale Wajerumani walioizamisha waliipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, wakitarajia kuja kuitumia tena. Kilichoiokoa ni mikono iliyoitunza kabla haijazama. Tena injini zake za mvuke ziliondolewa miaka ya 1970, ikafungwa za dizeli. Kwa hiyo unaposema ni chombo kile kile, unasema juu ya bodi. Nami nasema bodi lolote linalopakwa rangi, kukaguliwa na kubadilishiwa mabati yaliyooza litaishi.

Mvuvi wa Kibirizi
Na hilo bodi ni la nani kama si la watu wa zamani?

Mkazi wa Ujiji
Ndugu zangu, Liemba ipewe heshima yake, lakini naomba turudi barabarani.

Mnyamwezi wa Isevya
Mimi nitasimulia ya gari jipya, na hadi leo nikiyakumbuka moyo unanienda mbio. Nilikuwa natoka upande wa Uvinza usiku kurudi Tabora, nimembeba shangazi yangu ambaye sukari ilikuwa imepanda. Gari ni la dizeli, la kisasa, zuri, halina mkwaruzo. Jioni ile tulikosa mafuta kituoni, tukanunua dizeli iliyokuwa kwenye pipa pembeni mwa barabara. Baada ya mwendo kidogo taa ya injini ikawaka, nguvu zikapungua hadi gari likawa halizidi mwendo wa baiskeli, kisha likazima. Nikafungua boneti nikakuta kifuniko cha plastiki, na chini yake nyaya na soketi. Sikuwa na pa kushika. Tulikaa pale hadi alfajiri, shangazi amelazwa kiti cha nyuma, mimi nikimpa maji na kuomba, mpaka lori la mbao lilipotuchukua. Alipona, namshukuru Mungu. Fundi wa mjini alichomeka mashine yake, akasema maji yaliyokuwa katika dizeli yameharibu nozeli, yaani vile vinavyonyunyizia mafuta ndani ya injini, na bei ya nozeli zile ilitosha kununua pikipiki.

Baba yangu aliwahi kuweka dizeli ya namna hiyo hiyo katika pikapu lake la zamani. Alifungua chujio, akamwaga maji, akapiga pampu ya mkono kutoa hewa, akawasha. Sasa mtu asiniambie kwamba gari linalomwacha mgonjwa porini limetengenezwa vizuri zaidi.

Fundi wa Gungu
Pole sana ndugu yangu, na shangazi apate nguvu. Hilo silipingi hata kidogo. Mfumo wa dizeli wa sasa husukuma mafuta kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 1,500, na matundu ya nozeli ni membamba kiasi kwamba maji na mchanga mwembamba vinayala. Mfumo huo unapunguza moshi na kuokoa mafuta, lakini unadai dizeli safi, na dizeli ya pipa si safi.

Binti wa Urambo
Nimekuwa nikisoma kimya tangu asubuhi, na sikukusudia kuandika, lakini naona sote tunazungumza juu ya gari kupona na hakuna anayezungumza juu ya mtu aliyemo ndani yake.

Mjomba wangu alikuwa na pikapu la zamani sana, la chuma kizito, ambalo alilipenda na kulisifu kwa maneno haya haya ninayoyasoma hapa. Alikuwa akisema kwamba mtu akimgonga, atakayeumia ni yule mwingine. Msimu mmoja wa tumbaku alikuwa anarudi kutoka Kaliua baada ya magharibi, na lori lililoharibika lilikuwa limeachwa barabarani bila taa wala matawi ya kumwonya anayekuja. Alifunga breki kwa kuchelewa, akaligonga kwa nyuma. Nilikuwa miongoni mwa waliofika mwanzo kwa sababu ilitokea karibu na nyumbani. Gari lile lilikuwa limepinda bampa na kuvunjika taa moja, basi. Kioo kilikuwa kizima. Watu wakawa wanasema, “Tazama chuma hicho, amepona huyo.” Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono imelala mapajani, na usukani umemwingia kifuani. Hakukuwa na mkanda katika gari lile, na mti wa usukani ulikuwa chuma kimoja kilichonyooka kutoka mbele hadi kwake. Alifariki kabla hatujafika hospitali.

Gari lilinyooshwa bampa, likauzwa, likaendelea kubeba mahindi. Miaka kadhaa baadaye mdogo wangu alipata ajali inayofanana na ile, akiwa katika gari dogo la kisasa ambalo sisi nyumbani tulikuwa tunaliita bati la biskuti. Mbele yote ilikunjika hadi karibu na kioo, gari halikufaa tena hata kwa spea. Yeye alishuka kwa miguu yake, amechubuka bega pale mkanda ulipombana. Nikiwaona wanaume wanagonga mlango kwa ngumi ili kupima kama gari ni imara, huwa namkumbuka mjomba.

Mama Kaliua
Pole sana mwanangu. Mungu amlaze mahali pema.

Dereva Mstaafu, Kasulu
Pole, mwanangu. Katika magari niliyoendesha hakuna hata moja lililokuwa na mkanda, na wenzangu wawili niliowapenda waliondoka kwa namna uliyoieleza. Hilo siwezi kubishana nalo.

Fundi wa Gungu
Pole dada. Alichokieleza dada ndicho kilichokusudiwa na watengenezaji. Mhandisi Béla Barényi wa Mercedes-Benz ndiye aliyeweka mbele wazo kwamba sehemu ya mbele na ya nyuma zikunjike ili kula nguvu ya mgongano, na chumba cha abiria kibaki kigumu. Mkanda wa pointi tatu ulibuniwa na Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959. Usukani unaojikunja ukigongwa ulianza kudaiwa na sheria za Marekani mwaka 1968. Mwaka 2009 taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari iligonganisha Chevrolet Bel Air la mwaka 1959 na Chevrolet Malibu la mwaka 2009, uso kwa uso, kila moja likiwa katika mwendo wa takriban kilomita 64 kwa saa. Lile zito la zamani ndilo lililoporomoka kwenye chumba cha dereva, na sanamu iliyokaa ndani ilionyesha kwamba binadamu angekufa. Ya Malibu ilionyesha jeraha dogo la mguu.

Mnyamwezi wa Isevya
Hayo ni magari mapya kutoka dukani. Haya yanayotufikia huku ni mengine. Nimeona gari ambalo mifuko yake ya hewa ilikwishafumuka katika ajali ya huko nje, dashibodi ikashonwa, taa ya onyo ikazimwa, na mnunuzi akaambiwa ni zima. Nimeona nusu ya mbele ya gari moja ikichomelewa kwenye nusu ya nyuma ya gari jingine. Chuma kilichopangwa kikunjike kwa utaratibu, ukishakichomelea mabati ovyo, kitakunjika vipi?

Fundi wa Gungu
Hapo umesema jambo zito, na mafundi wenzangu tunahusika. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya mifuko ya hewa lazima iwake kisha izime yenyewe. Ikiwa haiwaki kabisa, uliza kwa nini. Tembeza sumaku ndogo kwenye bodi la chuma. Mahali isiposhika pana puti nene, yaani ule udongo wa kuzibia mabonde ya bati kabla ya rangi.

Dereva Mstaafu, Kasulu
Usije ukaipeleka sumaku hiyo kwenye Land Rover 109, kijana wangu, utalikataa gari zima.

Mvuvi wa Kibirizi
Ushauri wangu kwa anayekwenda vijijini: tafuta Land Cruiser la injini ya 1HZ. Ni lita 4.2, silinda sita, pampu yake haitegemei kompyuta, na kila fundi kuanzia hapa hadi Nzega anaijua.

Mama Kaliua
Bei ya hilo Land Cruiser inajenga nyumba. Mwenye kipato cha kawaida anunue Probox, lile gari dogo la Toyota, na aendeshe taratibu.

Mnyamwezi wa Isevya
Taratibu haisaidii kwenye mashimo ya huku. Mimi nasema chujio la kutenganisha maji na dizeli liongezwe katika kila gari, na la akiba libebwe.

Mkazi wa Ujiji
Baada ya kusoma ya Binti wa Urambo, nina swali kwa Fundi. Lile 109 nililoliona gereji linauzwa, nami nalitaka kwa ajili ya shamba. Je, linaweza kufungwa mikanda ya pointi tatu?

Fundi wa Gungu
Linaweza, ila boliti zisiishie kwenye bodi la aluminiamu, kwa sababu zitalichana siku ya ajali. Zishikwe kwenye chasisi au kwenye fremu ya chuma iliyofungwa chasisini, na mkanda uwe mpya, si uliokatwa kwenye gari lililopata ajali. Kabla hujalipa, ingia chini yake na nyundo ndogo ugonge chasisi pande zote mbili, hasa karibu na springi za nyuma. Ikitoa mlio mzito wa kufa, au nyundo ikizama, liache.