Weusi chini ya macho: liwa ipakwe vipi?

Habari zenu wana Tanga. Naomba ushauri kuhusu weusi chini ya macho. Tango la baridi, dakika 10, linapunguza uvimbe tu, weusi wenyewe haliugusi. Majani ya chai yaliyolowekwa, yakafungwa kwenye kitambaa na kupozwa, yanabana mishipa kwa kafeini, ila kwa muda mfupi. Ndimu hapana kabisa! Ngozi ya pale ni nyembamba. Ikipakwa ndimu kisha ikapigwa na jua la Raskazone inababuka na kuzidi kuwa nyeusi.

Imebaki liwa, ile ya mti wa kunukia, ya kusugua kwenye jiwe kwa matone ya marashi. Kwa ngozi kavu, iwe nyepesi kiasi gani? Na ioshwe ingali mbichi? Maana ikishakauka ikakakamaa, kule kuisugua ili itoke si ndiko kunakoleta weusi mpya?