Muziki umeingia kwenye ratiba ya shule za msingi. Kigoma tunaufundisha au tunaunakili ubaoni?

Mzazi wa Gungu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Humu najua kuna walimu, wanakwaya, mashehe na wazazi wenzangu wa Kigoma, kwa hiyo naomba tulijadili hili bila kutukanana.

Mtaala ulioboreshwa ulioanza Januari 2024 umeleta somo la Sanaa na Michezo, na muziki umo humo. Zamani ilikuwa kuimba Ijumaa mchana wakati kengele inasubiriwa. Sasa ni somo lenye kitabu na vipindi vyake. Mimi nililipokea kwa mikono miwili.

Juzi nimefungua daftari la binti yangu. Ukurasa wa kwanza: "Maana ya muziki." Ukurasa wa pili amechora gitaa kwa penseli, lina nyuzi nne. Gitaa la kawaida lina sita, lakini ubaoni lilichorwa la nne, na tiki nyekundu ipo. Ukurasa wa tatu kuna d r m f s l t d (yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, do), mara tano, mwandiko safi kabisa. Nikamwambia, haya mama, niimbie basi. Akanishangaa. "Baba, hatukuimba. Tulinakili."

Msimamo wangu: muziki ufundishwe na watu wanaojua kupiga na kuimba, hata kama hawana cheti cha ualimu, mwalimu wa darasa akiwa humo humo ndani. Watu hao hatuna uhaba nao. Ujiji kuna wapiga dufu, makanisa yana walimu wa kwaya, Mwanga kuna vijana wanaopiga gitaa Kikongo Kongo, Kasulu kuna wazee wa ngoma. Waje mara moja kwa wiki. Tukisema tusubiri mwalimu aliyesomea muziki chuo cha ualimu Butimba, hata akija atapangiwa hesabu na sayansi.

Karibuni. Ila asije mtu na ile ya "Kigoma tumetoa wasanii". Diamond Platnumz na Ali Kiba wana asili ya huku, sawa, lakini Diamond kakulia Tandale, Dar es Salaam. Shule zetu hazina la kujisifia hapo.

Chaki Nyeupe

Mzazi, nimekusoma. Mimi ni mwalimu wa msingi, manispaa hii hii.

Darasa langu lina watoto zaidi ya tisini. Ukuta kati yetu na darasa la saba umeishia chini ya kenchi, juu pako wazi. Nikianzisha wimbo, dakika ya pili mwenzangu wa hesabu kasimama mlangoni. Hasemi kitu, ananitazama tu. Shule inapimwa kwa ufaulu, na sijasikia mwalimu mkuu aliyeitwa wilayani kwa sababu watoto wake hawajui kuimba. Vifaa ndiyo usiseme. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, humo humo vitabu, chaki, karatasi za mitihani na kitasa cha mlango wa ofisi. Gitaa utalinunua kwa fungu gani?

Halafu hao unaotaka tuwalete. Mtu hana mkataba, halmashauri haimjui, anaingia kwa watoto. Likitokea la kutokea, anayeandika maelezo ni mimi. Na ukimpa mwanakwaya darasa, mtoto wa Kiislamu atarudi nyumbani na wimbo wa kanisani. Ukimpa mtu wa kaswida, hivyo hivyo upande wa pili. Simu za jioni nitapokea mimi au wewe?

Sauti ya Pili

Mwalimu Chaki, heshima yako, lakini hoja ya vifaa siipokei. Nafundisha kwaya ya kanisa. Nimeimbisha watu wazima ambao wengine hawakumaliza darasa la saba, na kwa muda mrefu hatukuwa na kinanda. Kilichotubeba ni hizo hizo d r m ambazo Mzazi anazicheka.

Herufi zile hazikubuniwa za kujaza daftari. Zilianzia Uingereza karne ya 19 kwa mwalimu mmoja mwanamke, Sarah Glover, kisha John Curwen akazirekebisha na kuzieneza, lengo likiwa kuimbisha umati wa watu wasio na chombo wala hela ya chombo. Wamisionari wakaja nazo, na mpaka leo kwaya nyingi za nchi hii zinaimba kwa karatasi zenye herufi hizo. Nukta mbili zinatenga mapigo, nukta moja inagawa pigo katikati, kistari kinavuta sauti. Mtoto aliyekwisha kujua kusoma anaziweza, mradi azisikie kwanza. Ukimpa herufi bila sauti umempa mapambo.

Mwalimu anachohitaji ni koo lake na mkono wake. Mkono nasema makusudi, maana Curwen aliweka ishara kwa kila sauti: do ni ngumi, mi ni kiganja kilicholala, ti ni kidole kinachoonyesha juu, kwenye do inayofuata. Unasimama mbele ya darasa kimya, unapandisha mkono, wanaimba. Unashusha, wanashuka. Anza na mbili tu, so na mi, ndivyo watoto wanavyoitana na kutaniana uwanjani hata bila kufundishwa. Zikikaa, ongeza la. Fa na ti usiziguse mapema, kwa sababu hatua ya mi kwenda fa, na ya ti kwenda do, ni nusu ya zile nyingine na hapo ndipo wote huteleza, hata wanakwaya wangu wenye ndevu.

Kuhusu kelele: watoto tisini wakiimba kwa sauti ya chini wanasumbua kidogo kuliko tisini wanaonakili huku wakigombania raba. Tatizo letu tunawafundisha watoto kwamba kuimba ni kupiga kelele. Ukimsikia mtoto shingo imemtoka mishipa, ujue huyo kaanzishiwa juu mno au kashangiliwa kwa kelele.

Na niseme la sekondari, maana hakuna aliyeligusa. Mvulana wa kidato cha pili sauti inamkatika, leo ipo juu, kesho imezama. Wengi wetu tunamwambia asimame nyuma afungue mdomo bila kutoa sauti. Huyo ndiyo basi, haimbi tena maisha yake. Mpe kipande chenye sauti nne au tano zilizo karibu karibu, apite hapo taratibu, atatoka upande wa pili na besi.

Ninapopishana na Mzazi ni hapa: msituite kufundisha watoto. Tuiteni tufundishe walimu. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga viko mkoani humu. Jumamosi kadhaa kwa walimu wa darasa zitazaa kuliko mimi kupita kila wiki kwenye shule moja kama mgeni rasmi.

Mvuvi wa Kibirizi

Mwanangu yuko darasa la tano, kugawanya hajui. Mkimaliza do re mi mnitafutie na mwalimu wa hesabu.

Sauti ya Pili

Mvuvi, usiku mkivuta nyavu mnaimba au hamwimbi?

Mvuvi wa Kibirizi

Tunaimba. Hatujawahi kupewa mtihani.

Abuu Swaumu wa Ujiji

Assalaam alaykum.

Naona mjadala umeruka hatua. Mnauliza nani afundishe, sisi wengine bado tuko kwenye nini kifundishwe.

Sina ugomvi na mtoto kuimba. Ujiji ni mji wa maulidi, dufu tumelikuta linapigwa na watoto wetu wa madrasa wanasoma kaswida kwa sauti ambazo Sauti ya Pili angezipenda. Ninachokataa ni viwili. Kwanza, mwanangu kulazimishwa kujifunza vyombo vya nyuzi na filimbi, kwa sababu wako wanazuoni wengi wanaovikataza na mimi ndio ninaowafuata. Najua wapo Waislamu wanaoruhusu, waacheni na watoto wao. Pili, wimbo wa ibada ya mtu mwingine kupewa mwanangu kama zoezi la darasani.

Na mbona hamsemi la mahafali? Siku ya mahafali shule inakodi DJ, spika mbili kubwa kama makabati, watoto wa darasa la saba wanakata viuno mbele ya meza kuu na wageni wanawatunza noti za elfu mbili. Siku hiyo ukuta hausumbui, ratiba haisumbui, hela ya spika imepatikana. Nikiuliza naambiwa "shehe, ni sherehe tu". Nami narudisha swali kwa Mwalimu Chaki: hela ile ilitoka fungu gani?

Chaki Nyeupe

Wazazi walichangishana kwa hiari, Abuu. Wewe hukuchanga, tunajua.

Bint Heru

Naandika kutoka Kasulu. Hadi sasa mmebishana kuhusu kwaya na kaswida, na ngoma imetajwa kwa heshima ya salamu tu.

Waha na Warundi tunasikilizana lugha, na upigaji wetu wa ngoma umechanganyika sana na wao. Tazameni ngoma za kifalme za Burundi, zile ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014. Katikati kuna ngoma moja, inkiranya, ndiyo inayotoa amri. Kuna amashakwe, hizo zinashikilia pigo lilelile bila kukatika. Kuna ibishikizo, zinafuata anachosema wa katikati. Hapo tayari una somo. Mstari wa dirishani washike pigo, wasiliache hata mtu akipiga chafya. Mistari ya katikati imfuate kiongozi. Kiongozi abadilishwe kila baada ya dakika chache. Mtoto anajifunza kushika zamu, kusikiliza wenzake na kuhesabu, na Mvuvi namwahidi kwamba anayegawa pigo moja mara mbili, mara tatu, mara nne kwa mikono yake hatashangaa akikutana na sehemu kwenye hesabu.

Ngoma zenyewe? Mringaringa wa kuchonga siku hizi haupatikani kirahisi, na sishauri tukate miti kwa ajili ya kipindi kimoja. Madumu ya mawese ya lita ishirini yamejaa mkoa mzima. Geuza, shika vijiti viwili, dumu tupu lina sauti ya kutosha nje chini ya mwembe. Ukuta wa Mwalimu Chaki utapumzika.

Ila nina sharti. Burundi mwaka 2017 ilitolewa amri kwamba wanawake wasipige ngoma zile, wacheze tu. Nimeshasikia huku watu wakiirudia kama mila yetu: wavulana ngoma, wasichana makofi. Heru, utawala wa jadi wa Waha huku Kasulu, ilitawaliwa na mwami (mtawala) mwanamke, Theresa Ntare, enzi za Mwingereza, watu wazima wa kiume wakimpigia magoti. Asije mtu akaniambia binti wa darasa la nne hawezi kugonga dumu.

Na jingine. UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi, ikikaribia ndipo kila shule inakumbuka ngoma. Watoto kumi na tano wanachaguliwa, wanakaririshwa onyesho moja, wanashonewa sare. Wengine mia sita wanapiga makofi. Huko ni kuandaa timu. Somo ni la wote, pamoja na yule asiyeshika pigo.

Mzazi wa Gungu

Nimewasoma wote.

Sauti ya Pili, kufundisha walimu kwanza ni jambo zuri, lakini watoto walioanza darasa la tatu 2024 wanamaliza elimu ya msingi 2027 wakiwa darasa la sita. Semina zikichukua miaka yetu ile ya kawaida, binti yangu atakuwa sekondari na daftari lake la gitaa. Kwa nini mwalimu asijifunze humo humo darasani, wewe ukiimbisha na yeye akiwa mstari wa mbele na watoto?

Abuu, la nyuzi nakubali bila shingo upande. Gitaa lenyewe halipo. Sauti, makofi, dufu na ngoma vinatosha kabisa kwa shule ya msingi. La nyimbo za ibada pia nakubali, ziachwe zote mbili. Tuna nyimbo za kazi, za michezo, za kubembelezea watoto, za Kiha na za Kiswahili. Hizo hazina msikiti wala kanisa.

Bint Heru, nakuunga mkono, na sharti lako lote.

Posho ya huyo mgeni ndiyo sina jibu lake. Michango ya lazima imekatazwa na sitaki kuirudisha kwa mlango wa nyuma. Lakini mzee wa watu atoke Mwandiga kwa bodaboda yake, afundishe, arudi bila hata nauli? Mwezi wa kwanza atakuja. Wa pili atatuma salamu.

Chaki Nyeupe

Mnapanga, lakini hakuna aliyeniambia alama nazitoaje. Kitabu cha maendeleo kinataka alama ya kila mtoto. Tisini na kitu, mmoja mmoja aniimbie? Nitamaliza mwezi wa kumi na mbili.

Sauti ya Pili

Waite wanne wanne. Kila kundi so-mi-la kwa kufuata mkono wako, halafu wakupigie pigo moja wasiliache. Sikiliza mawili tu: wamefika kwenye sauti, wameshika pigo. Makundi matano kwa kipindi, wengine wakiendelea na mchezo wao nje. Wiki chache umemaliza, na hakuna aliyechora kitu.

Chaki Nyeupe

Sawa. Mchana ambao darasa la saba wako uwanjani, ukuta unakuwa hauna mtu upande wa pili. Sauti ya Pili, njoo na hiyo mikono yako unifundishe mimi na mwenzangu wa darasa la nne, baada ya saa za kazi, nitaripoti kwa mwalimu mkuu kwamba una jina na unakotoka panajulikana. Mimi ndiye nitakayesimama mbele ya watoto, wewe utakaa nyuma, hilo halina mjadala. Nauli tutaona. Madumu alete Mzazi, na yaje yameoshwa kwa maji ya moto, mawese yakikaa yananuka.

Abuu Swaumu wa Ujiji

Kabla ya madumu, nitajieni wimbo wa kwanza ni upi. Leteni maneno yake yote hapa tuyasome.

Bint Heru

Abuu, nakuandikia wa Kiha wa kumlaza mtoto. Nipe hadi kesho, nimuulize bibi beti la pili.