Tashtiti ya nchi za kubuni: woga au ujanja?

Kijana_wa_Wete
Asalaam alaykum wana jukwaa. Barazani kwetu kulikuwa na ubishi mpaka adhana ya isha ikatukuta, nikaona niulete huku. Jamaa yetu mmoja anasema Shaaban Robert alikuwa mwoga, ati 1951 Muingereza yupo pale Tanganyika anatawala, yeye badala ya kumsema anatunga nchi inayoelea hewani, Kusadikika. Mie nikamwambia hiyo ndo tashtiti, kumsema mtu kwa kejeli na mafumbo, hawa waandishi wa yutopia na distopia (nchi za kubuni, njema kupita kiasi au mbaya kupita kiasi) wengi wao hufanya hivyo hivyo. Ila akinibana "kwa nini asitaje?" sina jibu la maana. Nisaidieni.

Bi_Darajani
Mwanangu, huyo rafiki yako hajaona ugomvi wa uani. Mtu akikuudhi huendi kumtukana, unanunua kanga yenye maneno ya kumfaa, unajifunga, unapita mlangoni kwake asubuhi na jioni. Akija juu "unanisema mie?" unamjibu kwani imekugusa dada, mie nimevaa kanga tu. Akilalamika keshakiri! Sasa itazame ile kesi ya Karama mle Kusadikika, anashtakiwa na waziri jina lake Majivuno, kosa lake kutaka watu wasome sheria. Mkoloni gani angesimama akasema huyu Majivuno ni mimi?

Maalim_Mstaafu
Bi mkubwa nakuheshimu lakini sikubali yote. Kanga inachoma kwa sababu mtaa mzima unajua anasemwa nani, nchi ya hewani haina jirani. Jonathan Swift, mwandishi wa zamani wa Ireland, alishaandika 1704 kwamba tashtiti ni kioo ambacho mtazamaji huona sura za watu wote isipokuwa yake. Akaja 1726 akatoa safari za Gulliver, mle Lilliput, nchi ya vijitu vidogo, watu 11,000 wamekubali kufa kuliko kuvunja yai kwa upande mwembamba, na wanaotaka vyeo vikubwa wanacheza juu ya kamba mbele ya mfalme. Kitabu kikali kile! Leo tunawanunulia watoto, kina mapicha ya rangi. Na Kusadikika nimeifundisha skuli, mwanafunzi akiandika "mwandishi anamsema mkoloni" anapata maksi zake, ukimuuliza na Majivuno wa leo je, darasa zima linatazama dari.

Yakhe_Chake
Maalim kweli, ila wapo wakubwa waliojiona kwenye kioo vizuri tu. Zamyatin yule Mrusi aliandika 1920-21 riwaya ya nchi ambayo watu wana namba badala ya majina na nyumba zao za vioo, kwao ikapigwa stopu, ikatoka New York kwa Kiingereza 1924, Urusi yenyewe mpaka 1988. Hakumtaja mtu, wao ndo waliojitaja.

Halafu kijana, mwambie huyo jamaa arudi kwenye utetezi wa Karama. Mtu yuko kizimbani wala hajitetei, anasimulia safari za wajumbe sita, mmoja kaskazini, mwengine kusini, mashariki, magharibi, mwengine mbinguni, mwengine ardhini, kila mmoja kaona mambo mema huko alikokwenda, kayaleta nyumbani, katiwa jela. Hamtukani mfalme hata neno moja yakhe, anamsomea tu waliomletea kheri akawafunga. Thomas More, Muingereza aliyetunga kitabu cha Utopia, naye 1516 hakusema matajiri wajinga, kaonyesha kisiwa ambacho dhahabu inafanyiwa vyungu vya kukojolea na minyororo ya wafungwa, wakaja mabalozi wa nje wamejipamba dhahabu tupu, wenyeji wakawadhania watumwa. Na mwoga hakuwa, mfalme wake Henry VIII alimkata kichwa 1535, ingawa hilo lilikuwa jambo jengine.

Bi_Darajani
Vyungu vya kukojolea vya dhahabu! Wasomewe maharusi wa siku hizi 😂

Kijana_wa_Wete
Nimempa simu kasoma yote, akasema sawa, lakini mwishoni Karama anashinda kesi na wafungwa wanaachiwa, mfalme gani huyo anayesikia? Maalim hapo nakuachia wewe.

Maalim_Mstaafu
Huyo si mjinga, msimfukuze barazani. Mie naona mfalme anayesikia ndo yutopia yenyewe ya kile kitabu, yaliyobaki mle nimeshayaona kwa macho yangu. Kama hapendi mwisho huo atafute Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, 2001, mle bwana mkubwa K anazungushwa na babu yake aliyekufa aone raia wanavyoishi. Mie ninayo nakala, imechakaa lakini kurasa zote zimo, akitaka aje kuichukua.